Risasi Alizohesabu Lettow-Vorbeck

Katikati ya Oktoba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, alikuwa Mahiwa, kusini-magharibi ya Lindi, akiwa na watu kiasi cha 1,500 mbele ya jeshi la Waingereza lililomzidi mara tatu. Kwa sehemu kubwa ya vita alikuwa amejizoeza kukwepa mapigano ya namna hiyo. Safari hii hakukwepa. Watu wake walichimba mitaro, yeye akarundika nguvu zake mahali alipoamini pigo lingetua, kisha akangoja. Sababu aliieleza mwenyewe baadaye katika kumbukumbu zake: alimjua jenerali wa upande wa pili. Jenerali Beves, aliandika, alikuwa amewasukuma watu wake vitani huko Reata, karibu na Taveta, Machi 1916, bila kujali wangapi wanaanguka. Lettow aliamini kwamba mtu wa namna hiyo angerudia, na Beves akarudia. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 mashambulizi yalikwenda uso kwa uso kwenye mitaro ileile, na hasara ya upande wa Waingereza inatajwa kufikia watu 2,700 kati ya 4,900.

Kukisia tabia ya mtu wa vita, basi, hakukuanzia kwa watu waliokaa na vitabu baada ya baruti kupoa. Ni kazi ya vita vyenyewe. Kamanda humkisia kamanda mwenzake: ana haraka au ana subira, anaogopa lawama za wakubwa wake au hazimshughulishi, akikwama atazunguka au atang'ang'ania palepale. Aliyekisia Mahiwa alipata jibu lake siku ileile. Sisi tunaomkisia yeye leo hatuna wa kutusahihisha, kwa kuwa aliyekufa hajazi fomu ya maswali wala habishi. Uaminifu wote umebaki mikononi mwa anayekisia, na kwa sababu hiyo naiheshimu kazi hii inapofanywa vizuri.

Ina nasaba ndefu. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya kina Alexander na Caesar, alieleza wazi kwamba neno dogo au mzaha wa mtu hufichua tabia yake kuliko vita vilivyoua maelfu. Wazee wetu wa pwani walikuwa na firasa, elimu ya kumsoma mtu kwa dalili zake za nje. Mwaka 1921 Carl Jung wa Uswisi alitoa kitabu chake juu ya aina za nafsi, na miaka minne baadaye alishuka Mombasa, akapanda hadi Nairobi na kwenda Mlima Elgon, ambako aliketi na wazee wakizungumza kwa Kiswahili cha kuungaunga. Huko Marekani Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers walichukua mawazo ya Jung wakayapanga katika jozi nne, na jozi hizo zikazaa aina 16 za haiba, kila moja na herufi zake nne. Wanasaikolojia wengi hawaridhiki na kipimo hicho. Mtu huyohuyo akijibu maswali tena baada ya wiki kadhaa, mara nyingi hutoka na herufi tofauti, na binadamu hawagawanyiki katika makundi mawili kama vile pande mbili za ukuta. Nakubaliana nao. Lakini jozi zile nne zina faida moja ambayo siidharau: zinamlazimisha mkisiaji kuuliza maswali manne, badala ya kutosheka na neno moja kama "shujaa" au "katili".

Mkisiaji mwepesi humkamata Lettow kwa ushindi wake. Anaona Tanga, Novemba 1914, kiasi cha watu elfu moja wakiwarudisha baharini watu elfu nane, na papo hapo anamwita mwanamkakati mkubwa aliyeona mbali kuliko wenzake. Fundi haanzi na ushindi. Ushindi una baba wengi, na pale Tanga baadhi yao walikuwa upande wa Waingereza: Jenerali Aitken hakutuma wapelelezi wa kutosha, na jeshi lake lilikuwa limechoshwa na safari ndefu ya meli kutoka India. Fundi anatafuta kitu ambacho mtu alikifanya bila kulazimishwa, ambacho mwingine mwenye cheo kilekile angemwachia mdogo wake. Tanga kinapatikana. Usiku wa kuamkia mapambano makubwa Lettow alichukua baiskeli, akaingia mjini na wenzake wawili kupitia mitaa mitupu hadi karibu na bandari, akaziona kwa macho yake meli zikiwa na taa zao na akasikia kelele za watu wakishuka. Alikuwa kamanda wa jeshi lote la koloni. Alikuwa na maofisa wa kuwatuma. Alikwenda mwenyewe.

Tukio moja halitoshi, na fundi mzuri anajua hivyo. Anaiweka baiskeli pembeni, anaanza kutafuta ndugu zake. Kumbukumbu za Lettow, zilizotoka Ujerumani mwaka 1920, zimejaa ndugu hao. Nimezisoma nikitarajia nadharia za vita. Nilichokikuta zaidi ni viatu, mafuta na unga. Anaeleza jinsi mkate ulivyookwa bila ngano. Anaeleza kiboko aliyenona anatoa mafuta kiasi gani, zaidi ya ndoo mbili, na kwamba ni meupe na matamu. Anaeleza dawa ya malaria iliyotengenezwa Amani, Usambara, na baadaye ile iliyochemshwa porini kwa magome, chungu kupita kiasi, ambayo wanajeshi waliita pombe ya Lettow. Anasimulia kwa mzaha kwamba naye alifundishwa kushona viatu, na kiatu alichokitengeneza kwa ajili ya mguu wa kulia ungeweza kukidhania ni cha kushoto. Plutarch angeufurahia mzaha huo. Mtu anayeishi katika mawazo makubwa hasemi hivyo juu ya ngozi na sindano. Anasema hivyo aliyeishika ngozi kwa vidole na kuona aibu ya mshono wake.

Kwa hiyo katika jozi ya pili, ile inayotenganisha watu wanaoushika ulimwengu kwa macho na mikono na wale wanaoushika kwa picha ya mambo yasiyoonekana bado, namweka upande wa macho na mikono, bila wasiwasi mkubwa. Najua hoja ya upande wa pili, na haistahili kupuuzwa. Tangu mwanzo Lettow alisema kwamba koloni haliwezi kushinda vita. Kazi yake ni kuwafunga Waingereza huku, ili wasipatikane kwenye uwanja wa Ulaya. Hilo ni wazo la mbali, na alilishika zaidi ya miaka minne. Hata hivyo wazo hilo lilikuwa moja tu. Hakulikuza, hakulipamba, wala hakuonekana kutafuta jingine. Siku zake zote alizitumia kwenye njia, mito, mahindi na risasi.

Juu ya risasi kuna ukurasa ambao mwanafunzi wa kazi hii angepaswa kuusoma taratibu. Januari 1915 Lettow aliwashinda Waingereza huko Jassin, mpakani, kaskazini ya Tanga. Yeye mwenyewe alijeruhiwa mkono, na maofisa wake kadhaa walikufa, akiwamo Hammerstein, mmoja wa wale walioendesha naye baiskeli usiku wa Tanga. Baada ya ushindi huo alikaa akapiga hesabu. Risasi 200,000 zilikuwa zimekwisha kwa mapambano ya siku mbili. Kwa akiba iliyobaki, na kwa maofisa aliopoteza, angeweza kupigana mapambano kama hayo mara tatu zaidi, basi. Kuanzia hapo alibadili vita vyake vyote: vikosi vidogo, mashambulizi kwenye reli ya Uganda, kupiga na kuondoka. Ushindi wake ulimfundisha kile ambacho makamanda wengi hufundishwa na kushindwa. Katika jozi ya tatu, ya wanaoamua kwa hoja na wanaoamua kwa kuthamini watu na uhusiano, ukurasa huu unamvuta sana upande wa hoja, na unamvuta wakati ambapo rafiki yake alikuwa amekufa.

Wanaofanya kazi hii kwa haraka humaliza hapo. Wamepata mtu wa hesabu, wanafunga daftari. Fundi huona sasa ndipo mahali pa kuita mashahidi, na kumpima kila shahidi kabla ya kumsikiliza.

Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi wa Waingereza pale Tanga, ameacha shajara yenye maelezo motomoto juu ya vita vile na heshima kubwa kwa Lettow. Ni shahidi anayependeza kumnukuu, na wengi wamemnukuu. Lakini uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba alizigusa shajara zake baadaye, na hata katika elimu ya ndege, alikokuwa na jina kubwa, aliiba vielelezo na kudanganya mahali vilikopatikana. Fundi halitupi kila neno lake. Halijengi jambo juu ya neno lake peke yake. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, alisafiri meli moja na Lettow kuja Mombasa mwishoni mwa 1913, akaelewana naye vizuri hivi kwamba Lettow alimwomba amtafutie farasi. Urafiki huo ulidumu. Mwaka 1940 Blixen alikwenda kumwona Bremen. Yeye ni shahidi wa mtu akiwa mezani, safarini, akiwa na nafasi ya kuwa mchangamfu, na ushahidi wake una thamani kwa jambo hilo hasa. Kwa Lettow wa porini mwaka 1918 hautufikishi mbali.

Shahidi ninayemthamini zaidi kwa upande wa Wajerumani ni aliyemchukia. Heinrich Schnee alikuwa gavana, mwanasheria, na kwa mujibu wa sheria ya koloni mamlaka ya juu ya jeshi yalikuwa yake. Agosti 1914 alikubaliana na jeshi la majini la Waingereza kwamba Dar es Salaam na Tanga zisiguswe, kwa sababu alitaka kuinusuru miji na watu wake. Lettow aliyaona makubaliano yale kuwa pingu. Siku za Tanga aliamua kupigana kwa dhima yake mwenyewe, kinyume na alivyotaka gavana. Kisha jambo ambalo halina mfano: watu hawa wawili, waliogombana karibu kila hatua, walitembea msafara mmoja hadi mwisho. Walivuka Ruvuma pamoja Novemba 1917 kuingia Msumbiji ya Wareno, wakarudi pamoja, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini pamoja, na Schnee alikuwapo Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, silaha zilipowekwa chini. Kitabu cha Schnee na kitabu cha Lettow vikisomwa bega kwa bega, vinamwonyesha mtu asiyejua kugawana uamuzi. Hakumshawishi Schnee, wala hakuonekana kumhitaji akubali. Alimpita.

Hili linaamua jozi ya nne, ya wanaopenda kufunga mambo mapema na wanaoacha mlango wazi, na ndiyo jozi inayonipendeza zaidi kwa Lettow kwa sababu dalili zake zinagombana. Lengo lake lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu Agosti 1914. Njia zake hazikufungwa kamwe. Manowari Königsberg ilipozamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa nchi kavu. Koloni lilipokuwa karibu kumtoka mikononi, alilihama akaenda kula na kujipatia silaha kwa Wareno. Anayemtazama lengo humwita mtu wa mpango. Anayemtazama njia humwita mtu wa kubahatisha. Kwa maoni yangu lengo alilipewa na malezi yake, mtoto wa jenerali wa Prussia aliyelelewa katika vyuo vya kijeshi, ambako wajibu hauchaguliwi. Njia ndizo zilizokuwa zake. Na mkisiaji mwenye subira hutafuta kilicho chake mtu, akitenga kilichovaliwa na jeshi zima. Kwa hiyo namweka upande wa mlango wazi.

Kuna jambo wapenzi wa Lettow hulileta kama ushahidi mkuu wa haiba yake: askari walimfuata hadi siku ya mwisho. Abercorn zilihesabiwa roho za askari 1,168 pamoja na Wazungu 155. Inasemekana basi kwamba alikuwa na mvuto wa pekee, kwamba alipendwa. Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya askari hao, amefanya kazi ambayo kila mkisiaji angepaswa kujifunza kwayo. Amewatazama askari wenyewe: wanaume waliotafuta mshahara, mifugo, wake, watumishi na hadhi ya kuwa watu wakubwa mbele ya jamii zao, waliosafiri na familia zao ndani ya msafara, ambao kuondoka kwenye kikosi kulimaanisha kupoteza nyumba nzima. Na wengi waliondoka. Utoro ulikuwa mkubwa hasa baada ya 1917. Uaminifu wa waliobaki una sababu zao. Kuuchukua wote na kumvika kamanda ni kuwanyang'anya watu wale akili zao, na pia ni ukisiaji mbaya, kwa kuwa unasoma tabia ya mtu mmoja katika matendo ya mwingine.

Hapo kazi hii inageuka kuwa nzito, na mimi naithamini zaidi inapokuwa nzito. Miaka kadhaa kabla ya kuja Dar es Salaam mapema mwaka 1914, Lettow alikuwa katika Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, miongoni mwa maofisa wa makao makuu ya Jenerali von Trotha wakati Waherero wakifukuzwa jangwani wafe kwa kiu. Ni huko alikopoteza uwezo wa jicho lake la kushoto. Mwaka 1920, akiwa amerudi nyumbani kama shujaa, alijiunga na wale waliojaribu kuipindua jamhuri katika jaribio la Kapp. Baadaye akaketi katika Reichstag, na husimuliwa kwamba Hitler alipompa ubalozi wa London alikataa kwa maneno makali. Mwenye haraka huchagua kimoja katika hivi akamjenga Lettow anayemtaka. Anayeheshimu kazi anaviweka vyote mezani na kuuliza nini kinavishikamanisha. Mimi naona mtu asiyemwachia mwingine amri juu ya vita vyake, awe gavana, jamhuri au chama, na ambaye hukumu ya haki na batili aliiacha kwa taasisi iliyomlea.

Na kuna hesabu nyingine. Nilisema alihesabu risasi, mafuta, viatu. Wapagazi waliobeba vitu hivyo vyote upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa namna hiyo; wangapi walikufa hakuna daftari linaloweza kusema. Waingereza nao waliwatumia wapagazi kikatili, makumi ya maelfu wakafa, na jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Huko Ugogo majeshi ya pande zote yalikomba nafaka na ng'ombe, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ludwig Deppe, daktari aliyesafiri na Lettow na ambaye kitabu chake cha 1919 kina jina la Lettow hata kwenye jalada, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na maghala matupu, na njaa kwa siku zijazo. Hakuwa adui. Kwa hiyo uzito wa maneno yake ni mkubwa kuliko wa maneno ambayo yangetoka kwa Waingereza.

Ushahidi wa Deppe unanirudisha kwenye jozi ya tatu, ambayo nilikuwa nimeiandika kwa wino baada ya Jassin. Kuamua kwa hoja hakumzuii mtu kuwahesabu wanyonge. Mwenye akili ya hesabu angeweza kuwahesabu kwanza. Lettow aliyejua kiboko mmoja anatoa ndoo ngapi za mafuta alikuwa na uwezo wa kujua ni wapagazi wangapi walioanguka kati ya Ruvuma na Abercorn. Herufi inasema alivyohesabu. Alichochagua kutohesabu hakimo ndani ya herufi yoyote kati ya zile nne, na ukisiaji unaokiacha nje haujamfikia mtu.

Herufi zangu tatu, basi, ni za mtu wa macho na mikono, wa hoja, wa mlango wazi. Ya kwanza, kama alijichota nguvu ndani yake au kwa watu, naiacha bila kuandika. Rafiki wa meli na mwenye mzaha wa kiatu ananivuta upande mmoja. Aliyetembea na Schnee miaka minne bila kumhitaji ananivuta upande mwingine, na kila mmoja ana shahidi anayeaminika.